Zana Bila Maelezo ni Mtego

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama zetu maarifa nayo yamekuwa mali, na daftari lake ni maelezo yaandikwayo juu ya zana za kuyatafutia. Watengenezaji wengi wa zana hizo hawapendi kuliandika daftari hilo. Nasema wanakosa, na kosa lao hulipwa na watu wasio na hatia.

Akili unde, yaani programu ya kompyuta iwezayo kusoma na kujibu kwa maneno, haijui kila kitu. Ikiulizwa habari ya mvua, mbegu au bei, wakala wake hutumwa kwenye ghala la takwimu kuchota jibu, na zana ndiyo ndoo yake. Katika utaratibu uitwao Model Context Protocol, uliotangazwa mwaka 2024, kila zana huja na jina, maelezo, na orodha ya mambo inayotaka kuambiwa. Wakala husoma maneno hayo, kisha huchagua. Karani mgeni katika duka la mbegu akikwama humwuliza mwenziwe. Wakala aghalabu hana wa kumwuliza. Ana maneno yale tu aliyoandikiwa. Yakiwa ya fumbo, hubahatisha, tena kwa lugha fasaha isiyoonyesha shaka.

Na tuchukue mfano wa Kitale, mji wa mahindi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mbegu chotara H611 ikatolewa kwa wakulima mwaka 1964. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko kiasi cha mita 1,400. Mbegu ifaayo mahali pamoja huenda isifae pengine. Sasa fikiri zana ambayo maelezo yake yote ni haya: "Huleta habari za mbegu. Toa mwinuko." Je, kwa mita au kwa futi? Hakuna ajuaye ila aliyeitengeneza. Wakala akitoa 1,900 kwa hesabu ya mita, nayo zana ikahesabu kwa futi, itadhani shamba liko mita 580 tu, na itamletea mkulima wa Trans Nzoia mbegu ya nchi ya chini yenye joto. Mkulima huyo hupanda Machi au Aprili na kuvuna mwishoni mwa mwaka; msimu mkuu ni mmoja. Neno moja lililokosekana limekula mwaka wake mzima, pamoja na karo ya watoto wake.

Asiyeamini na akumbuke mwaka 1999, Marekani ilipopoteza chombo chake Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kama vipimo vya metriki. Wataalamu hao hawakuwa wajinga.

Wako wasemao, "Mashine ni erevu, itaelewa yenyewe." Uerevu hauzai habari isiyoandikwa. Hata mwanachuoni hawezi kujua kama gunia lililotajwa ni la kilo 90 au la kilo 50 asipoambiwa. Wako pia wasemao kwamba kuandika maelezo ni kupoteza wakati. Wakati wa nani? Saa moja ya mwandishi mmoja haiwezi kuwekwa katika mizani na msimu wa wakulima elfu.

Wala sitetei maneno mengi. Yatosha kusema zana huleta nini na haileti nini. Vipimo vyake ni vipi. Takwimu zake ni za tarehe gani. Na jibu tupu lina maana gani. Hilo la mwisho husahauliwa sana. Wakala akiuliza kama viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017, wameonekana Kiminini, naye asiletewe kitu, je, wadudu hawapo, au hakuna aliyekwenda kutazama? Mambo haya mawili yako mbali kama usiku na mchana. Asiyeyatenganisha kwa maandishi humfanya mkulima alale usingizi huku shamba lake likiliwa.

Baadhi yenu msomao kurasa hizi mtatengeneza zana kama hizo. Siku hiyo ikifika, mpeni maelezo yenu mtu asiyeijua zana kabisa, ayasome mbele yenu, nanyi mnyamaze. Kila swali atakalouliza ni sentensi mliyosahau kuiandika. Iandikeni kabla zana haijatoka mikononi mwenu, kwa maana mashine itakayoisoma baadaye huenda isiulize.