Aliyefumaniwa Naye Ana Chake

Mohoro, kama kwingi katika Pwani yetu, mke akifumaniwa hukumu hutoka jua halijatua: afungashe virago arudi kwao na kanga zake. Nyumba, shamba na mikorosho hubaki kwa mume. Wazee huafiki, majirani huafiki, na mwenyewe kwa aibu huinamisha kichwa akaondoka. Imani kwamba mzinzi amejivua haki yake ya mali ni potofu, na anayeitekeleza anadhulumu.

Simtetei mgoni. Ugoni unaumiza, na dini zetu zote zinaukataza. Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya 1971 haikumwacha aliyesalitiwa mikono mitupu. Kifungu cha 72 kinampa mume au mke haki ya kumdai fidia mahakamani yule aliyezini na mwenzake. Dai halisimami ikiwa mdai aliridhia ugoni huo, au ikiwa mdaiwa hakujua, wala hakuwa na namna ya kujua, kwamba mtu huyo ana ndoa. Mke naye anaweza kumdai hawara wa mumewe, haki ambayo vijijini haisemwi kabisa.

Asiyetaka tena ndoa ana njia ya talaka. Kifungu cha 107 kinautaja ugoni miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Shauri huanzia baraza la usuluhishi. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na maombi ya talaka yafike mahakamani kabla hati hiyo haijatimiza miezi 6.

Mali ni suala jingine. Kifungu cha 114 kinaiagiza mahakama iangalie mila za jamii husika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni, na mahitaji ya watoto. Ugoni haumo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Mwenendo mbaya huhesabiwa pale tu unapogusa mchango huo.

Wapo watakaosema mila zimetajwa. Zimetajwa, lakini kama jambo moja kati ya manne. Hazifuti jasho la mtu.

Na jasho lenyewe tunalijua. Mto Rufiji ukishapungua, ni mwanamke anayeinama kupanda mlau kwenye tope. Mpunga ukianza kuzaa, ni yeye anayelala kwenye dungu akiwafukuza nguruwe, mtoto mgongoni. Miaka 15 ya kazi hiyo ndiyo iliyoezeka bati nyumba anayofukuzwa. Kosa la usiku mmoja haliwezi kulibandua bati hilo likawa la mume peke yake.

Wengine huongeza kipigo. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Kufumania si kibali.

Wazee wa Mohoro, msiketi tena kugawa mali ya watu kwa hasira. Mume aliyeumizwa mwelekezeni barazani, kisha Mahakama ya Mwanzo. Nawe mama uliyeambiwa utoke na kanga zako, usitie dole gumba kwenye karatasi yoyote ya kuacha mali. Ulichokichuma ni chako, hata siku uliyokosea.