Mtumiaji Si Mjinga, Enyi Wasomi wa Kompyuta

Vijana wetu wanaosoma kompyuta vyuoni ni hazina ya taifa, na mzazi gani hajivunii kusikia mwanawe ameunda programu? Lakini wana tabia moja inayoniudhi, nami sitainyamazia. Katika masomo yao yote, lile la uhusiano wa binadamu na kompyuta ndilo wanalolidharau. Wanaliona somo la kupaka vitufe rangi. Hulikeshea usiku wa kuamkia mtihani, wakafaulu, wakalisahau. Kisha huajiriwa, wakatutengenezea skrini zinazowashinda mama zetu. Na mama akikwama, wao husema hajui teknolojia. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!

Ndugu zangu, lawama hiyo ni ya zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za Marekani za B-17 walikuwa wakishatua salama, mara wanakunja magurudumu, ndege inalala kifudifudi uwanjani. Ikasemwa ni uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipotazama chumba cha rubani, alikuta swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya nyuma ya mabawa zimekaa bega kwa bega, zinafanana. Akashauri moja ipewe kishikio chenye umbo la gurudumu na nyingine umbo la kibawa, ili mkono utambue hata gizani. Tatizo likatibiwa kwenye swichi, si kichwani mwa rubani.

Na mwaka 2000, huko Palm Beach, Florida, majina ya wagombea urais yalipangwa pande mbili za karatasi, matundu yakawa katikati, na wapiga kura wengi wakatoboa mahali wasipokusudia. Jimbo zima liliamuliwa kwa kura 537. Nani tena atasema kupanga majina ni mapambo?

Wala tusidhani hekima hii ni ya wageni tu. M-Pesa ilipojaribiwa Nairobi na Thika mwaka 2005, kusudi lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo. Wenye mradi wakawatazama watumiaji, wakaona wanatumiana fedha kwa haja zao wenyewe. Hawakuwakemea, waliwafuata, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikawa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Dunia nzima imekuja kujifunza kwetu! Mmezaliwa katika nchi za mfano huo, halafu mnajifungia maabarani mkiiga skrini za California?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chukua kazi yako, mwanangu, uipeleke kwa mama lishe na kwa mzee wa pensheni. Mpe simu, kaa kando, funga mdomo, utazame kidole chake kinaposita. Jakob Nielsen, mtaalamu wa somo hili, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kufichua kasoro nyingi. Watano! Hata nauli ya daladala haizidi uwezo wako.

Na walimu nao siwapiti. Nimeketi katika mihadhara ambamo mwalimu anafundisha usanifu wa skrini kwa maandishi madogo kama chawa, aliyekaa nyuma hasomi neno, naye mwalimu anayasoma yote kwa sauti akilipa darasa mgongo. Mwana atajifunza wapi kumjali msomaji?

Vitabu vyetu vitakatifu vyote vimetuamuru kuwaheshimu wazazi. Leo mzee, kwa kushindwa na menyu ya Kiingereza, anamtajia wakala wa pesa namba yake ya siri mbele ya foleni. Akiibiwa, tunamcheka. Haya ni yetu tuliosoma, si yake.

Basi vyuo viamue: mradi wa mwaka wa mwisho usipokewe mpaka watu watano wasio wanachuo, mmoja wao mzee, wautumie bila kuelekezwa, kwa Kiswahili, mbele ya msahihishaji.