Wachimbuaji wa Kale na Vijana wa Mitaani: Kiswahili Ki Wapi?

Ni jambo lisilopingika kwamba ardhi ya Kenya ni hazina ya historia ya binadamu. Kwa miongo kadhaa, wanafunzi kutoka Marekani na kwingineko wamekuwa wakifunga safari hadi Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kushiriki mafunzo ya uchimbuzi yanayoendeshwa kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wengi wao hulipa karo na nauli ili wapate kushika mwiko na chekeche chini ya jua kali.

Jijini Nairobi, vijana wa Kawangware hudamka alfajiri kutafuta kazi ya mjengo Lavington na Kilimani. Wao pia huchimba ardhi, ila kwa ujira wa siku. Mmoja hulipa ili achimbe. Mwingine huchimba ili ale. Tofauti yao si akili. Marehemu Kamoya Kimeu, aliyevumbua mabaki ya mvulana wa Turkana mwaka 1984, alianza kama kibarua na hakupitia chuo kikuu. Kinachowatenga vijana hawa ni fursa na, aghalabu, lugha.

Matokeo mengi ya uchimbuzi huandikwa kwa Kiingereza. Hata uchimbuzi wa Shanga, kisiwani Pate, uliofichua katika miaka ya 1980 mabaki ya msikiti wa karne ya 8, na ambao ni nguzo ya mjadala kuhusu asili ya Waswahili, husomwa zaidi kwa lugha ya wageni. Penye miti hapana wajenzi!

Huenda baadhi ya wasomi wakadai kwamba akiolojia si kazi ya idara za Kiswahili. Dai hili halina mashiko. Istilahi za matabaka ya udongo, vigae na masalia haziwezi kukomaa pasi na wanaisimu. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haina budi kuonekana katika maarifa, si katika hotuba pekee.

Isitoshe, si lazima kujitolea kuanzie ng'ambo. Kibera, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ina wazee Wanubi ambao jamii yao ilipigania ardhi hiyo kwa zaidi ya karne moja kabla ya kupewa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017. Kila mzee anapozikwa, tabaka zima la historia hufukiwa naye, na hakuna mwiko utakaolifukua.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili na viende Makina kurekodi simulizi hizo, vikishirikiana na vijana wa mtaa wenyewe. Vilevile, Makavazi na vyuo vikuu havina budi kuwatengea vijana wa Kibera na Kawangware nafasi zisizo na karo katika mafunzo ya uchimbuzi, na kuchapisha muhtasari wa kila ripoti kwa Kiswahili. Mwenye ardhi asipoisoma, atasimuliwa na mgeni yaliyomo chini ya nyayo zake.