Vipele vya dawa: tusiongeze kidonge juu ya kidonge

Mjini Goma, mtu akitokwa na vipele, jirani husema ni surua. Tangu mwaka 2024, mpox ilipofika katika kambi za wakimbizi, wengine husema ni mpox. Wengine hutafuta aliyemtilia karuho. Wachache ndio huuliza: alikuwa anameza dawa gani?

Swali hilo linaweza kuokoa maisha. Kuna dawa ambazo miili ya watu wachache hukataa: zile zenye sulfa kama Bactrim, na zile za kifafa kama karbamazepini. Ngozi hubabuka, mdomo na macho huota vidonda. Katika aina moja, inayoitwa DRESS, ini na figo pia hushambuliwa. Ubaya wake ni kwamba huanza wiki 2 hadi 8 baada ya kidonge cha kwanza, wakati dawa haishukiwi tena. Hadi mgonjwa 1 kati ya 10 hufariki.

Lakini vidonge vingi tunanunua bila karatasi ya daktari, vimefungwa bila jina. Daktari atajuaje?

Wenye farmasia, andikeni jina la dawa kwenye kila kifuko. Na wewe mkaaji, ukiona homa, vipele na uso kuvimba, usiongeze kidonge kingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na dawa zote mkononi. Ikithibitishwa, jina la dawa iliyokudhuru liandikwe katika kitabu chako cha matibabu. Usiimeze tena maishani.