Mtoto aliyekuja Dar aonyeshwe Dar

Na Rehema Kiondo

Likizo ya Desemba imekaribia, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam magodoro ya akiba yameanza kuanikwa juani. Wageni wanakuja. Watoto wa kaka kutoka Dodoma, wa dada kutoka Morogoro, na yule mpwa wa Iringa aliyeahidiwa tangu mwaka jana kwamba akifaulu atakwenda kwa mjomba. Zamani safari yenyewe ilikuwa mtihani. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, mtoto anakunywa chai kwao asubuhi na chakula cha mchana anakula kwetu.

Wanakaa wiki tatu, kisha wanarudi. Waulize wameona nini Dar, watakutajia duka kubwa lenye ngazi za umeme, bwawa la kuogelea siku ya Krismasi, na katuni. Bahari wameiona kupitia dirisha la gari wakati wa kuvuka Daraja la Tanzanite. Na hili si la wageni peke yao. Nawafahamu watoto wa Chanika na Kitunda, wazaliwa wa mkoa huu, waliomaliza darasa la saba bila kukanyaga Posta. Wakienda mjini ni hospitali, basi.

Linaniuma, kwa sababu katikati ya Dar ni mahali pazuri mno pa kutembea na mtoto. Kazi ya kumtembeza ni yetu, baba na mama, shangazi na mjomba. Hatuhitaji kampuni ya utalii wala gari la kukodi. Tunahitaji asubuhi moja, viatu vya kutembelea, na uamuzi kwamba mji huu tutauangalia pamoja na mtoto, tofauti na siku zile tunapoingia na kutoka tukikimbizana na benki na ofisi.

Mwendokasi ya kutoka Kimara inaishia Kivukoni, na mwisho wa njia ndio mwanzo wa matembezi. Hatua chache tu uko Feri, soko la samaki. Wengi wanaona pale si mahali pa watoto kwa sababu ya tope na harufu. Mimi naona pale ndipo pa kuanzia. Fika mapema, boti zikiwa bado zinashusha. Mtoto ataona changu, vibua na kolekole wamepangwa kwa mafungu, nguru mrefu kuliko yeye amelazwa juu ya meza, pweza na ngisi kwenye ndoo. Atasikia mnada: dalali anataja bei, mama mmoja anapandisha kwa kuinua kidole tu, mwingine kwa jicho, na kabla hujajua nani kanunua, fungu limeshaondolewa. Msimamishe mtoto pembeni asikanyagwe, mwache aangalie. Atauliza maswali ambayo huna majibu yake, na wavuvi watamjibu. Sijawahi kuona mvuvi aliyemnyima mtoto jibu kuhusu samaki.

Kutoka hapo pandeni pantoni ya kwenda Kigamboni. Nauli yake haifiki bei ya soda, na kwa mtoto wa bara hiyo ni safari ya baharini kamili: upepo, mawimbi, king'ora, honi za bodaboda zilizobanana na magari na matenga. Pantoni inakatisha mlango uleule wa bandari ambao meli kubwa zinautumia, kwa hiyo meli ya makontena ikiingia, pantoni inasubiri. Bahati hiyo ikiwaangukia mshukuru. Meli inapita karibu mno, mtoto anaweza kusoma jina lake ubavuni.

Mwaka jana niliongozana na mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa bandari, aliyempeleka mjukuu wake kupanda pantoni. Nilikwenda kama jirani, nikageuka mwanafunzi. Alimwonyesha mtoto kreni kwa mbali, akamweleza jinsi katani, kahawa na korosho zilivyokuwa zikipakiwa, nani alikuwa anabeba, nani alikuwa anahesabu, na jinsi walivyokuwa wakiimba ili mabega yasichoke. Mtoto alimtazama babu yake kwa jicho jipya. Nyumbani ni mzee wa kulalamikia miguu. Pale alikuwa mtu aliyeijua bandari tangu ujana. Kama mna babu au bibi wa namna hiyo, mchukueni, hata kama mtatembea polepole. Na kama alishiriki kujenga reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, mpelekeni na wajukuu mpaka stesheni yake pale Barabara ya Nyerere, mumwache aongee. Hakuna kitabu cha shule kitakachomfikia.

Mkirudi kutoka Kigamboni, fuateni barabara ya ufukweni kuelekea Posta ya Zamani. Upande mmoja bandari, upande mwingine kanisa la Kilutheri la Azania Front na mnara wake, na mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili kazi ya zama za Wajerumani. Jirani yake lipo Boma la Kale, la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeuanzisha mji huu na kufariki mwaka 1870 kabla haujasimama vizuri. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Mwambie mtoto auguse ukuta. Mtoto aliyeambiwa kwamba jiwe lile lilitoka baharini ataishika historia kwa vidole, na hutalazimika kumkaririsha mwaka.

Kutoka hapo hadi Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, si mbali. Imekaa pale tangu 1927, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Binti wa mdogo wangu aliizunguka sanamu ile, akasoma maandishi ya Kiswahili, akauliza kwa nini jina la huyo askari halikuandikwa. Nikamwambia kwamba ile ni kumbukumbu ya wengi, na kwamba wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita vile ni maelfu kwa maelfu, wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Alikaa kimya, kisha akauliza kama babu wa babu yake alikuwamo. Swali hilo tulirudi nalo nyumbani, na watu wazima ndio waliohangaika kulijibu.

Jua likishakuwa kali, ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Mabasi ya wanafunzi huja pale, lakini safari ya shule ni ya kupangwa mstari na kuharakishwa. Mzazi ana nafasi ya kusimama na mtoto anapotaka kusimama. Fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey bondeni Olduvai tarehe 17 Julai 1959, ni hazina ya makumbusho hayo. Lina miaka takriban milioni 1.75. Mtoto ameisoma habari hiyo darasani, pengine amekosea swali lake kwenye mtihani, na jambo lenyewe liko mwendo wa dakika chache kutoka kituo cha daladala. Pale pia kuna magari waliyotumia viongozi wa nchi, na kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani. Hilo la mwisho mzazi apime mwenyewe kwa umri wa mtoto.

Siku nyingine, nasisitiza siku nyingine, nendeni Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, mkaone nyumba za asili za makabila yetu zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Hapo wenyeji na wageni wanabadilishana nafasi. Mtoto wa Dodoma akifika mbele ya tembe la Wagogo, yeye ndiye anayewaeleza binamu zake wa Sinza moto unawashwa wapi na mifugo inalala wapi. Kwa wiki nzima amekuwa mshamba wa kuchekwa kwa kuogopa ngazi za umeme. Pale anaheshimika.

Kosa kubwa la matembezi ya familia ni uroho. Mzazi akishaamua kutoka, anataka Feri, makumbusho, Kariakoo na Coco kwa siku moja, na ikifika saa nane mchana kila mtu ana hasira, mdogo analilia mgongo na mkubwa anataka simu. Mambo mawili kwa asubuhi moja yanatosha. Mtoto ndiye apange mwendo. Akitaka kukaa nusu saa kumtazama muuza kahawa akipasua kashata, kaeni, hiyo nayo ni Dar. Mpe mkubwa kazi ya kusoma ramani kwenye simu, mdogo mpe kazi ya kulipa nauli. Maji mbebe kutoka nyumbani.

Najua kuna wanaohofia vibaka na kupotea kwa watoto. Hofu hiyo ni ya haki, nami sitaipuuza. Andikeni namba ya simu kwenye karatasi, muiweke mfukoni mwa kila mtoto. Kubalianeni mapema mahali pa kukutania mkiachana. Simu ya mzazi isining'inie mkononi. Kwa jinsi ninavyoona, hata hivyo, cha kuogopwa zaidi mjini ni magari na bodaboda. Njia za waenda kwa miguu zimegeuzwa maegesho, na mama mwenye mtoto analazimika kushuka barabarani kulizunguka gari la mtu aliyeona uvivu kutembea hatua ishirini.

Hapo ndipo ninapowageukia wenye mji. Ushuru wa maegesho unakusanywa katika mitaa hii kila siku ya kazi. Iko wapi benchi? Kiko wapi kivuli? Zaidi ya yote, kiko wapi choo? Mwaka juzi nilisimama na mtoto wa miaka minne nje ya ofisi moja ya umma, mtoto amebana miguu, machozi yanamtoka, na mlinzi ananieleza kwamba choo ni cha wafanyakazi. Tukahamia mgahawa, tukaambiwa kwanza tununue. Tulinunua, lakini mtoto hakuweza kusubiri chenji. Aibu niliyoiona siku ile kwenye uso wake mdogo haikumstahili. Ilistahili kuvaliwa na mji mzima, mji wenye mamilioni ya watu ambao haujaona haja ya kumjengea mtoto choo karibu na sanamu yake mashuhuri.

Mambo haya yanawezekana, na si lazima twende mbali kuyaona. Kigali, katikati ya mji kabisa, kuna mtaa uliofungiwa magari tangu 2015, na leo una viti, miti na nafasi ya watoto kukimbia. Ndugu zetu walioko London wanaingia na watoto wao makumbusho makubwa ya taifa bila kulipa kiingilio tangu Desemba 2001, na mtoto aliye chini ya miaka 11 hupanda treni za chini ya ardhi bure akiwa na mtu mzima. Sisi tuanze na kidogo. Barabara ya Kivukoni ifungwe kwa magari Jumapili asubuhi, hata kwa saa chache. Makumbusho yawe bure kwa watoto wa shule Jumamosi moja kila mwezi. Kwenye Boma la Kale na majengo ya rika lake viwekwe vibao vya Kiswahili chepesi, vya kimo ambacho mtoto atasoma bila kubebwa. Na vyoo vijengwe, viwe na maji, visifungwe saa kumi jioni.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mji unabadilika haraka. Nyumba nyingi za zamani katikati ya Dar zimeshavunjwa, maghorofa yamesimama mahali pake, na zilipovunjwa waliolalamika walikuwa wachache. Nani angelalamika? Mtu hatetei nyumba ambayo hajawahi kusimama mbele yake. Wataalamu wa majengo wamejitahidi kupaza sauti, lakini sauti yao haiwezi kushinda ya mwenye mtaji kama nyuma yao hakuna wananchi wanaoijua nyumba ile tangu utotoni. Mtoto aliyeugusa ukuta wa Boma mwaka huu, miaka ishirini ijayo atakuwa diwani, mhandisi, hakimu, au mpiga kura tu. Nataka siku faili la kubomoa litakapofika mezani kwake, awe analijua jengo linalozungumzwa.

Basi wageni wakishapumzika na uchovu wa safari, chagueni Jumamosi moja. Saa moja asubuhi muwe mmefika Feri, jua halijakuwa kali na mnada ungali umechangamka. Mkikuta choo kimefungwa kwa kufuli, kipigeni picha na mumtumie diwani wenu siku hiyohiyo, mkimweleza mlikuwa na watoto wangapi.