Ruzuku Isiyojenga Sakafu

Ushirikiano gani huu ambao upande mmoja huandika andiko la mradi, hupanga bajeti, husaini mkataba na kupokea fedha, halafu upande wa pili huletewa ujumbe wa WhatsApp: tunaomba barua ya kuunga mkono, yenye nembo na muhuri, kabla ya kesho jioni? Anayeendesha kikundi cha dansi ya kisasa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaujua ujumbe huo. Andiko lenyewe hatumiwi, na bajeti ndiyo kabisa haioni. Barua anaituma hata hivyo, kwa sababu wachezaji wake wana miezi hawajalipwa, na mradi ukipita jina lake litatokea kwenye karatasi kama mbia.

Mbia! Mbia gani asiyejua mtaji ni kiasi gani?

Nasema wazi: ruzuku nyingi zinazoitwa za ushirikiano wa kimataifa katika dansi ni fedha za Ulaya kwa Ulaya, zinapita Afrika kuchukua wachezaji. Wapo watunzi wa dansi wa huko wanaotuheshimu kwa dhati, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na masharti. Creative Europe, programu ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 hadi 2027, ina takriban euro bilioni 2.44. Mradi mdogo wa ushirikiano unaweza kupewa hadi euro 200,000, lakini mratibu lazima atoke katika nchi shiriki, na nchi zetu hazimo. Kulturstiftung des Bundes, taasisi ya utamaduni ya serikali ya Ujerumani, ilianzisha mwaka 2012 mfuko wa TURN, mahsusi kwa ushirikiano na Afrika. Ulizaa kazi nzuri. Mlango wake, hata hivyo, ulikuwa Ujerumani, na taasisi za huko ndizo zilizobisha.

Na dansi huamuliwa mlangoni hapo, miezi mingi kabla mtu hajanyoosha mguu. Anayesaini ndiye anayechagua mada, mahali pa mazoezi, mji wa onyesho la kwanza na jina litakalotangulia kwenye bango. Mada zenyewe tunazijua kwa moyo: uhamiaji, vita, ukoloni, tabianchi. Mtunzi wa Temeke, Dar es Salaam, akitaka kutengeneza kazi ya dakika 40 kuhusu mapenzi tu, au kuhusu namna mgongo wa binadamu unavyopinda, aombe wapi?

Twende kwenye sakafu, maana hapo mambo yanaonekana kwa macho. Dansi ya kisasa huchezwa chini. Mtu anaangukia bega, anaviringika, anainuka, anaruka na kutua kwa mguu mmoja, kisha anarudia asubuhi nzima. Kazi hiyo inataka sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya maboriti, inayobonyea kidogo mguu unapotua, na juu yake litandikwe zulia la plastiki lisiloteleza. Wachezaji wetu wengi wanayafanya hayo juu ya saruji. Saruji haibonyei, kwa hiyo kishindo chote kinarudi kwenye vifundo, magoti na kiuno. Mtazame kijana wa miaka 26 akishuka ngazi baada ya mazoezi: anashuka kiubavu, mkono ukutani, kama mzee aliyetoka kulima.

Sasa fungua masharti ya ruzuku ya mradi. Tiketi za ndege, ruksa. Hoteli, posho, mpiga picha, mtathmini kutoka nje, vyote ruksa. Ukifika kwenye majengo na vifaa vya kudumu, mara nyingi unakuta vimeorodheshwa kati ya gharama zisizokubalika. Ndiyo maana kikundi kinaweza kupita miradi mitatu, kikacheza Ulaya, kikapigiwa makofi ya kusimama, kisha kikarudi kwenye saruji ileile. Fedha za tiketi na hoteli za ziara moja zingenunua mbao na kumlipa seremala.

Hapo sijataja viza. Ada ya viza ya Schengen ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 kuhusu anuwai za kujieleza kiutamaduni, katika ibara ya 16, unazitaka nchi tajiri ziwape wasanii wa nchi zinazoendelea upendeleo maalumu. Umoja wa Ulaya wenyewe ni mwanachama wa mkataba huo. Upendeleo uko wapi?

Na asije mtu kutuambia kwamba hatuwezi kushika fedha. Mtunzi wa dansi wa Kongo, Faustin Linyekula, aliyeshiriki kuanzisha kikundi cha Gàara Nairobi mwaka 1997 pamoja na Opiyo Okach, alifungua Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, kisha akaihamishia Kisangani. Jina alilolipata Ulaya amelitumia kujenga kituo huko. Senegal, mtunzi wa dansi Germaine Acogny na mumewe Helmut Vogt waliijenga shule ya dansi ya École des Sables kijijini Toubab Dialaw. Wakfu wa Pina Bausch, mtunzi wa dansi wa Ujerumani, na ukumbi wa dansi wa Sadler's Wells wa London walipotaka kazi ya Bausch ya mwaka 1975, *The Rite of Spring*, ichezwe na wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika, walikwenda kufanya mazoezi huko huko. Walikuta shule, walikuta pa kuchezea, walikuta mwenyeji mwenye sauti.

Hasira yangu kubwa, hata hivyo, ni ya nyumbani. Tanganyika ilipopata uhuru tu, katika miaka ya mwanzo ya 1960, ilithubutu kuunda kikundi cha ngoma cha taifa. Kilipovunjwa, wasanii wake wakawa walimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981. Leo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa Tanzania unatukopesha. Mkopo unamfaa mwenye studio ya muziki. Kazi ya wachezaji wanne, inayoonyeshwa usiku tatu mbele ya watu 80, itarejesha deni hilo kwa kipi?

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina tamasha lake, JAMAFEST, tangu Kigali 2013. Vikundi vinafika, vinaonyesha, vinapanda mabasi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na Kisangani wanazungumza Kiswahili. Mtunzi wa huko na mtunzi wa Dar wangeweza kubishana juu ya hatua moja kutwa nzima bila mkalimani. Huo nao ni ushirikiano wa kimataifa, tena ulio karibu zaidi, na hauna fungu. Wakikutana, wanakutana Brussels kwa tiketi ya mtu mwingine.

Viongozi wa vikundi, msitoe tena barua kabla hamjaiona bajeti mstari kwa mstari, na katika mistari hiyo daini sakafu. Wafadhili, ruhusuni mwombaji mkuu awe Kisangani au Temeke, na muondoe marufuku ya mbao na misumari. Serikali zetu, bajeti husomwa Juni Dodoma, Nairobi na Kampala. Mawaziri wa utamaduni waingie bungeni na fungu la ruzuku, wala si mkopo, na wabunge wanaochezewa ngoma kila wanapoomba kura walipitishe.