Fundi, arubuni si mshahara wako

Ukipita Biashara Street, kati ya maduka ya leso, huenda ukamwona fundi wa weldi akishusha mashine kwenye tuktuk. Ameacha kuajiriwa, sasa anawafuata wateja walipo: paipu inayovuja hapa, geti lililolegea pale. Wanaoanza hivi huuliza, "Ninunue jenereta kwanza?" Sisi tunasema: tenganisha pesa kwanza.

Tuseme kazi ni shilingi 8,000: vifaa 5,000, ufundi 3,000. Mwenye duka anakutumia hiyo 5,000 kwenye laini yako ya kawaida. Hapo hapo mkopo wa simu unajikata. Jioni kuna unga na kodi ya nyumba. Kesho huna pesa ya paipu, na simu ya mteja huipokei. Hukukusudia kuiba, lakini yeye ataita wizi. Na maduka yamepakana, habari haichelewi.

Kwa hivyo fungua nambari ya biashara. Ndiyo, kuna makato kidogo, lakini jina lililoharibika ni ghali zaidi. Itisha arubuni ya vifaa peke yake, vinunue kwa nambari hiyo hiyo, kisha mtumie mteja picha ya risiti. Pesa ya ufundi idai maji yakishafunguliwa na paipu haivuji.

Cheti cha NITA kinaonyesha unajua kuchomelea. Rekodi ya malipo inaonyesha unaaminika na pesa ya watu. Ukitaka mkopo wa jenereta baadaye, hiyo ndiyo karatasi utakayoulizwa.